Inkscape kwa faili za leza za modeli: inatosha, ila usiiamini kabla hujaigusa settings

Wakuu, kila mara naona mtu anauliza atumie programu gani kuandaa faili za kukatwa na leza, hasa hizi za modeli ndogo, nyumba, mabehewa ya treni, ngazi, fremu za madirisha, na majibu ni yale yale, lipia ile, nunua hii. Mi natumia Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari, na leo naisema kwa uzuri na ubaya wake. Ni ya bure kabisa, sio ile bure ya mwezi mmoja alafu wanakufungia, inakubali Windows, Mac na Linux, na ipo tangu 2003. Kwa vipande bapa naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja niliyobana nitaisema mbele.

Kwanza tuelewane, leza haikati picha. Inafuata mstari, ukiwa mmoja inapita mara moja, ikiwa miwili juu kwa juu inapita mara mbili na kuunguza. Kwa hiyo ile JPG, hata iwe kali namna gani, bado sio faili ya kukatia. Inkscape ina sehemu ya kugeuza picha iwe mistari na hapo ndo wengi wanapopotelea, maana ukigeuza mchoro wa mistari kwa njia ya kawaida yenyewe inachora kingo zote mbili za wino, unapata mistari miwili inayokimbizana kila sehemu na leza inakata yote. Kuanzia toleo la 1.0 la mwaka 2020 kuna chaguo la kufuata katikati ya mstari, ni afadhali, ila mi bado nasema weka picha kwenye leya yake ya chini, ifunge, alafu chora upya juu yake. Inachosha lakini kona zinakaa sawa na nodi, zile nukta zinazoshikilia mstari, zinakuwa chache.

Sa tuje kwenye vipimo, hapa ndo nina maneno nayo. Ukiifungua ikiwa mpya inapima kitu pamoja na unene wa mstari wake. Yani mraba wa milimita 10 uliochorwa kwa mstari wa milimita 1, pale juu unasomeka 11, na we ukiandika 10 yenyewe inaubana mraba hadi namba ya nje iwe 10, kumbe ule mstari wa katikati ambao leza ndo itaufuata umebaki kama 9. Kwa bango la duka hiyo hakuna anayeijali, kwa modeli umeshaharibu. Dawa ipo kwenye preferences, upande wa tools, unachagua ipime umbo lenyewe bila unene. Ukishabadili mara moja inakaa hivyo hivyo. Kwa nini haiji hivyo kutoka mwanzo sielewi, labda kwa sababu wanaoitumia kuchora logo ni wengi kuliko sisi.

Alafu faili za zamani. Kabla ya toleo la 0.92 lililotoka 2017 inchi moja ilihesabiwa pikseli 90, baada ya hapo 96. Faili ya zamani ikifunguliwa bila kurekebishwa, kipande cha milimita 100 kinatoka 93.75, na kwa macho huwezi kujua kwa sababu kila kitu kimepungua kwa pamoja. Programu inauliza ikushughulikie, soma kile kidirisha, usibonyeze tu ok ili kipotee. Mi kila faili naweka na mraba wa milimita 50 pembeni, kazi yake ni kupimwa tu na fundi kabla hajawasha mashine, na mraba huo huo unaokoa kwenye DXF pia, ile aina ya faili ya michoro ya kupelekea programu nyingine, maana DXF ikifika upande wa pili bila kueleweka kama ni inchi au milimita unakuta kitu kimekua au kimepungua mara 25.4.

Tuje kwenye upana wa mkato, hii sio kosa la programu ila programu ndo inatakiwa ikusaidie. Leza inakula mbao, kwenye plaiwudi ya milimita 3 mara nyingi ni kama 0.1 hadi 0.2, inategemea mashine, lenzi na spidi. Tuseme 0.15. Mstari unakuwa katikati ya huo upana, kwa hiyo tundu lililochorwa milimita 10 linatoka 10.15 na ulimi wa 10, yani kile kipande kinachoingia kwenye tundu, unatoka 9.85, jumla umepata nafasi ya 0.3 na kuta zinacheza. Na ile plaiwudi inayouzwa kama ya 3 ipime kwanza kwa venia, kile kipimo cha kubana, inaweza kuwa 2.7 au 3.2, upana wa tundu unatokana na namba ya venia ukitoa mkato.

Kwenye skeli ndogo ndo balaa. Chukua kibao cha dirisha la kweli chenye upana wa milimita 50, kwenye skeli ya 1:87, yani kidogo mara 87 kuliko cha kweli, kinakuwa 0.57, leza ikapita pande zote mbili inabaki 0.42. Kwenye 1:160 unaanza na 0.31 unabaki na 0.16, hiyo kwenye mbao ni majivu, tafuta kadi nyembamba au unenepeshe kibao usijali usahihi, hakuna atakayekuja na rula kwenye treni yako. Inkscape ina efekti ya kusogeza mstari nje au ndani ambayo unaiandikia namba kwa milimita, nusu ya mkato, nje kwa mzunguko wa kipande na ndani kwa matundu, na namba unaweza kuibadilisha baadae bila kuchora upya. Hii kitu peke yake ina nyota yake.

Mistari iliyolaliana ndo haina dawa ya moja kwa moja. LightBurn, ambayo ya kulipia, ina amri ya kufuta mistari pacha na inakusogezea mkato yenyewe. Kwenye Inkscape mi navunja magrupu yote, naongeza unene wa mistari na kupunguza opasiti iwe nusu ili rangi ipitishe mwanga, panapolaliana panakuwa peusi zaidi unaona mwenyewe. Ni ujanja wa kienyeji ila unafanya kazi. Maandishi nayo yageuze yawe pathi, yani mistari ya kawaida, kabla ya kutuma la sivyo kompyuta ya fundi isipokuwa na fonti hiyo inaweka yake, na vitu ulivyoficha kwa kuklipu, yani kufunika sehemu isionekane, vikate kabisa kwa sababu programu nyingi za leza zinaviona kama kawaida. Rangi muulize anayekata, wengi nyekundu ni kukata na nyeusi ni kuchonga lakini sio sheria. Na plastiki ya PVC usimpelekee kabisa, inatoa gesi yenye klorini, mbaya kwa mapafu na inakula mashine.

Ile nyota niliyobana sasa. Umeshachora nyumba nzima yenye viungo thelathini kwa plaiwudi ya 3, alafu inayopatikana ni ya 2.7. Inkscape haijui kwamba yale matundu yote yanategemea namba moja, unapita moja moja. FreeCAD na wenzake, programu za kuchora kwa vipimo, unaandika unene sehemu moja kila tundu linafuata, ila kuijifunza ni kazi ya jioni nyingi na kuchora urembo wa ukutani humo ni mateso. Kama modeli zako ni paneli, madirisha, uzio na mapambo, baki Inkscape. Kama ni maboksi ya viungo na unabadilisha mbao kila mara, mwili wa modeli uchore kule, utoe DXF, mapambo uje uyaongezee huku.