Debian kwenye seva yangu kuukuu: dakika moja na nusu iliyonitoa machozi

Anayetafuta kasi ya prosesa au idadi ya matundu ya USB ayatafute kwingine. Mimi nina ugomvi na Debian, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na dakika yake moja na nusu, na leo nitautoa wote.

Ni mpiga picha wa harusi hapa Lamu, upande wa wanawake. Siku ya kupamba, simu zote hukusanywa mlangoni zikatiwa kikapuni, na kamera inayoingia ni moja tu, yangu. Bibi harusi amekaa, nywele wazi, hina imempanda mpaka magotini, na kabla sijabofya mara ya kwanza mama yake hunivuta kando: "Mwanangu, hizi haziendi kwenye mtandao?" Haziendi. Kwa hiyo hizo hifadhi za mtandaoni mnazozisifia si zangu, hata ningekuwa na bando la kupandisha picha elfu tatu kwa usiku mmoja. Nimetoa ahadi kwa mama wa watu.

Picha zinakaa kwangu, mtaa wa Mkomani, kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia mafaili, iliyokuwa ya mapokezi katika nyumba ya wageni kule Shela. Walipoiuza ilivuka kwa mashua, ikamalizia vichochoro juu ya punda, na imewekwa chumba cha ndani chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Waya wa neti nimeupitisha juu ya mlango, maana kuta zetu zina unene wa dhiraa na waifai haizipenyi.

Kwanza niliipeleka kwa fundi mmoja. Hakuigusa hata. "Dada, hiki ni chuma, uza kwa kilo. Au mwite mumeo nimweleze." Sina mume, na ningekuwa naye asingejua diski na sahani. Kinachoniuma ni kwamba alisema kweli moja: Windows 10 iliyokuwamo wenyewe wameiacha mkono tangu Oktoba 2025, na Windows 11 haitaki mashine isiyo na TPM 2.0, kile kijichipu cha kutunza funguo. Yangu haina. Akataka kunitilia ya magendo, iliyodanganywa isikague. Picha za mabibi harusi wa watu, ndani ya Windows ya wizi! Nikabeba chuma changu nikaondoka.

TrueNAS, mfumo wa seva za kuhifadhia mafaili, niliitamani kwa sababu ya ZFS, namna yake ya kupanga diski, ambayo hugundua faili lililooza kimyakimya kabla wewe hujalifungua. Lakini inataka RAM isiyopungua GB 8, nami nina 4. Nikaijaribu OpenMediaVault, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, iliyojengwa juu ya Debian na kuongozwa kwa kivinjari. Ikajitwalia diski nzima, kama mpangaji aliyekodi nyumba yote naye analala chumba kimoja. Nikasema, kwani mimi na mpangaji wa nini ilhali mwenye nyumba yupo? Nikaifuta, nikaweka Debian yenyewe, tupu. Ukweli ni kwamba yule fundi alikuwa bado kichwani mwangu. Nilitaka kuifanya kazi ngumu, kwa mikono yangu.

Sasa sikilizeni. Debian wakati wa kujiweka inakuuliza nywila ya root, yule mkuu wa mashine. Inakwambia kwa adabu zote kwamba ukiacha patupu, akaunti ya root itafungwa na mtumiaji wako wa kawaida atapewa mamlaka kwa sudo, amri ya kutenda kama mkuu. Nikaona ni busara. Nikaacha patupu.

Miezi kadhaa nilikuwa naisifu kwa aliyeniuliza na asiyeniuliza. Kila usiku rsync, programu ya kunakili mafaili, ilinakili picha kutoka diski ya ndani kwenda diski ya nje, nami nalala.

Usiku mmoja nimetoka harusini Langoni, miguu inawaka moto, nimechomeka kadi ya kamera, umeme ukakatika. Ukarudi. Ukakatika tena, na uliporudi mara ya pili taa ziling'aa kama za uwanja wa mpira. Asubuhi seva inawaka, feni inazunguka, taa ya kijani ipo. Naiita kwenye neti, haiitiki.

Skrini yake sina. Ilikuwa inaishi bila skrini. Tundu la VGA, lile la waya wa skrini wa kizamani, lipo kwenye runinga ya mama tu, ghorofani, na mama alikuwa katikati ya tamthilia yake ya Kituruki. Nikapanda ngazi nimeikumbatia ile kompyuta kama mtoto mwenye homa. "Yeo tena?" akasema, ingawa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Ikawaka. Maandishi yakashuka, halafu yakasimama. Inaisubiri diski. Saa inahesabu kwenda dakika 1 na sekunde 30. Mimi na mama tunaitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ikafika. Ikasema inaingia hali ya dharura. Alhamdulillahi, nikajiambia, angalau nitaingia nitengeneze. Ikaandika: siwezi kukufungulia, akaunti ya root imefungwa. Bonyeza Enter kuendelea. Nikabonyeza. Akaunti ya root imefungwa, bonyeza Enter kuendelea. Nikabonyeza mpaka kidole kikachoka.

Wewe ndiwe uliyenambia niache patupu! Wewe! Halafu hali ya dharura uliyoiwekea watu waliokwama unaifungia mlango kwa nywila ambayo wewe mwenyewe ulisema haina haja? Na juu yake inakuelekeza ukasome ukurasa wa mwongozo uliomo ndani ya mashine hiyo hiyo iliyokutoa nje. Sijapata kutukana mbele ya mama yangu. Siku ile nilikaribia.

Kwa simu nikasoma njia: kwenye menyu ya kuwashia bonyeza e, mwisho wa mstari wa linux ongeza init=/bin/bash, ukiingia irudishe diski iandikike, fungua fstab, faili lenye orodha ya diski za kupachika mashine inapowaka. Adapta ya diski ya nje ilikuwa imeungua umeme uliporudi, basi. Diski haipo, na mimi nilipoiandika kwenye fstab sikutia neno nofail, la kuiambia iendelee kuwaka hata diski ikikosekana, kwa hiyo Debian ikaona bila hiyo diski hakuna maisha. Herufi sita! Mama akauliza kosa ni la nani, nikamweleza, akasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, akarudi kwenye Waturuki wake.

Na baadaye nikagundua OpenMediaVault hulitia neno hilo yenyewe, bila kuambiwa. Ile niliyoiita mpangaji.

Nilipoanza kuandika hapa nilikuwa nasema: nyota moja, msiiguse, wekeni OpenMediaVault mlale usingizi. Lakini kuna la pili, nalo limenivuruga. Nilitia nofail, nikaazima adapta ya volti 12 kwa jirani, nikachomeka, harusi zote zipo, haikupotea hata picha moja. Jirani akaitaka adapta yake. Nikamrudishia, nikasahau kwamba diski ya nje imebaki bila umeme. Seva ikawaka vizuri, haikulalamika, na rsync kila usiku ikaripoti kazi imekamilika. Karibu wiki nzima. Ilikuwa inamimina nakala kwenye folda tupu ndani ya diski ile ile yenye picha za asili! Diski hiyo ingekufa, asili na nakala zingezikwa kaburi moja, nami ninayo ripoti safi mkononi.

Basi sasa sijui nimgombeze nani. Ule ukaidi wa dakika moja na nusu ulinitoa machozi, lakini angalau ulipiga kelele. Siku hizi nimeiandikia ikague kwanza kama diski imepachikwa kweli, isipokuwepo isinakili kitu. Ule mlango uliofungwa sijausamehe, na mtu akinambia ni kwa usalama nitamwalika aje abonyeze Enter na mimi.

Nyota tatu. Mbili na nusu kama mngeruhusu. Ninabaki nayo, kwa sababu sasa nazijua hila zake, na kwa sababu siko tayari kupita mbele ya duka la yule fundi nimebeba mashine.

Nywila ya root nimeiweka. Imeandikwa kwenye karatasi, imo ndani ya birika la shaba kwenye zidaka, na mama ameshaambiwa asilisugue.