Vya waya au vya kuzima kelele?

Ndani ya daladala, vipokea sauti visivyo na waya vinavyozima kelele vinashinda kwa mbali. Maikrofoni zake hudaka mngurumo wa injini, kisha spika hutoa wimbi lililo kinyume chake, mngurumo ukafifia. Honi na sauti ya konda bado hupenya, maana kelele za ghafla ni ngumu kuzimwa. Ukishuka na kutembea kando ya barabara, zima kabisa hali ya kuzima kelele; bodaboda inayotokea nyuma lazima uisikie.

Vya waya havihitaji chaji. AirPods Pro 2, vipokea sauti visivyo na waya vya Apple vya mwaka 2022, hufikisha saa 6 hivi kwa chaji moja, na betri ikichakaa, kuibadilisha ni shughuli. Kwa mikutano mirefu ya mtandaoni, mimi nachomeka waya.