Kisanduku cha huduma ya kwanza kwa watoto wa mbwa: pumzi sawa, joto limesahauliwa

Kinauzwa kwenye duka moja la dawa za mifugo hapa Mwanza, shilingi 38,000, kwa anayetarajia mbwa wake kuzalia nyumbani. Ndani kuna pampu ya mpira ya kunyonyea kamasi, uzi, iodini, glukosi ya unga, sirinji, kipimajoto na karatasi ya maelekezo.

Pampu ni nzuri kweli. Ncha yake ni laini, inaingia kinywani mwa mtoto wa gramu 300 bila kumchubua. Iminye ikiwa bado nje, ndipo uiingize na kuiachia. Ukiiminya ikiwa ndani, hewa inausukuma ute kooni. Anza na kinywa, malizia na pua. Kisha msugue mgongo na mbavu kwa taulo kavu, kichwa kimeinama kidogo, mpaka alie. Ule mtindo wa kumrusharusha ili maji yatoke uachwe kabisa, unaweza kumvujisha damu kwenye ubongo.

Uzi na iodini havina neno: funga kitovu kama sentimita 2 kutoka tumboni, kata upande wa nje wa fundo, chovya ncha.

Shida iko kwenye karatasi. Eti mtoto aliyelegea na kupoa apewe maziwa ya ng'ombe hapohapo. Hapana! Wiki ya kwanza mtoto wa mbwa hawezi hata kutetemeka kujipasha joto. Kawaida yake ni nyuzi 35 hadi 37. Akishuka chini ya 34 na kitu, utumbo unasimama, maziwa yanabaki tumboni au yanapalia na kuingia mapafuni. Mpashe joto kwanza, taratibu, kwa saa moja hadi tatu. Kwa sakafu zetu za saruji, upepo wa ziwa usiku na umeme unaokatika, usitegemee balbu peke yake: weka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa khanga, na umwachie nafasi ya kujisogeza pembeni. Akiwa anameza, mpake fizi kwa matone ya glukosi, kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 100 za maji ya uvuguvugu. Akishapata joto, mrudishe kwa mama anyonye. Kama mama hana maziwa, tumia ya unga ya watoto wa mbwa, mtoto akiwa kifudifudi, kamwe si chali. Ya ng'ombe yana mafuta na protini kidogo mno kwake.

Na kipimajoto chenyewe! Ni cha kioo cha binadamu, alama zake zinaanzia 35. Mtoto wa nyuzi 33, ambaye ndiye mgonjwa hasa, hakimsomi.

Mzani haumo. Wa jikoni wa dijitali unatosha: pima asubuhi na jioni, na akipungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Ukikinunua, omba wakubadilishie kipimajoto wakupe cha dijitali kinachoanzia 32.