Kayaki ya Bahari kwa Mkazi wa Dodoma: Ipi Inamfaa Nani

Anayenunua kayaki, mtumbwi mwembamba wa kupigwa kafi, akiwa Dodoma hujifunza kupiga kafi kwenye maji yaliyotulia, kama bwawa la kuogelea la hoteli (Bwawa la Mtera, penye viboko na mamba, si mahali pa kujifunzia), kisha hukipeleka chombo Bagamoyo au Tanga, ambako mwili wake haujayazoea mawimbi. Kwa sababu hiyo, kigezo changu cha kwanza ni ustadi alionao leo, si ule anaoutarajia.

Nafasi ya kwanza naipa kayaki ya plastiki yenye urefu wa mita 4.3 hadi 4.8 na upana wa sentimita 58 hadi 62. Haimyumbishi anayeanza, na ikilala ubavu hufika mahali inapokaza kabla ya kupinduka, na hapo ndipo mtu anapojifunza kuisawazisha kwa kiuno. Iwe na vyumba viwili visivyoingia maji, mbele na nyuma, kwani bila hivyo ikijaa maji ni vigumu mno kuiokoa ukiwa mbali na ufuko. Iwe pia na pezi la kushusha majini karibu na tezi, yaani upande wa nyuma. Upepo wa ubavuni, uwe wa kaskazi au wa kusi, huivuta omo, yaani ncha ya mbele, kuelekea unakotoka upepo, na asiye na pezi huishiwa nguvu kwa kupiga kafi upande mmoja tu.

Ya pili ni kayaki ya wazi, ambayo mtu huketi juu yake. Ukianguka unapanda tena, kwa hiyo inafaa familia isiyotoka nje ya miamba, ingawa ni nzito na ya polepole.

Ya tatu ni ile nyembamba ya sentimita 53 hadi 56, yenye urefu wa mita 5 au zaidi. Katika maji tulivu huonekana ya hatari, lakini penye mawimbi ya ubavuni humtii mjuzi kuliko pana yenye tako bapa, ambayo hufuata mteremko wa wimbi. Inunue ukishaweza kuinuka nayo ilipopinduka, au kurudi ndani bila msaada.

Vyenye upana wa chini ya sentimita 51 mara nyingi ni vyombo vya mashindano au vya wajuzi, anayeanza asivinunue.

Kabla ya kulipa, keti ndani uone kama mapaja yanabana kingo, kwa kuwa chombo kinachokupwaya hakikutii. Kama ni ya mtumba, kagua plastiki chini ya tezi, inakoliwa na kuburutwa, na mipira ya vifuniko. Ukifika nayo nyumbani iweke kivulini, kwa sababu jua la Dodoma huikausha plastiki mpaka ikapasuka, na bei ya jaketi okozi uijumlishe tangu mwanzo.