Hati ya Rais Grant niliyonunua hapa, wamesema ukweli wote

Nyota nne kwa duka hili. Nimechukua kwao hati yenye saini ya Ulysses S. Grant, rais wa Marekani 1869 hadi 1877, na saini ni nzuri kweli ila kilichonifanya nitoe hela ni yale maelezo waliyoweka chini ya picha. Wauzaji wengi wa vitu hivi watakuandikia "barua ya rais kwa mfalme" bei inapaa kumbe sio barua. Hawa walisema wazi, hii ni amri ya muhuri. Yaani iko hivi, rais akimwandikia mfalme barua yenyewe inafungwa inaenda huko kwa mfalme, na nyingi ziko kwenye nyaraka za serikali mpaka leo, huzipati sokoni kirahisi. Inayobaki Washington ni karatasi fupi, maneno mengine yamechapwa mengine yamejazwa kwa mkono, rais anamwagiza Waziri wa Mambo ya Nje apige muhuri wa taifa kwenye bahasha ya barua fulani, halafu anasaini. Ndo hiyo. Yangu inataja barua ya kwenda kwa mfalme wa Ureno.

Nimeipitia kwa lenzi, wino umegeuka kahawia kama wino wa enzi zile unavyokuwa, na mistari inapokatana umejikusanya, mkono wa mtu kabisa. Hili mliangalie sana jamani, maana Andrew Johnson aliyemtangulia Grant alikuwa na shida ya mkono, karatasi zake nyingi saini imegongwa tu kwa muhuri, na ukifika kwa Kennedy ndo balaa zaidi, makatibu walimsainia na mashine ya kusaini nayo ilikuwepo. Niliwauliza kuhusu barua ya Kennedy waliyokuwa wanauza, wakaichunguza upya wakasema hawawezi kuidhamini, wakaitoa.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya fremu. Kioo cha kawaida kisichozuia jua, tena kinagusa karatasi, hapana kwa kweli, nimeitoa nikaiweka kwenye jalada lisilo na asidi. Ukiagiza sema hutaki fremu.

Sasa nawasubiri kwa kitu kimoja, chochote cha Sayyid Said. Alifunga mkataba na Marekani 1833, na 1840 meli yake Sultana ikatia nanga New York. Wakikipata waniambie mimi kwanza.