Redio ndogo ya CD ya mtumba: ilipie kana kwamba haisomi

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo tupo sebuleni kwangu, Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli. Mkisikia bodaboda nivumilieni, dirisha nimelifungua kwa sababu ya joto. Mpwa wangu ndiye kashika simu. Isogeze, waione. Hii hapa.

Ni ile redio ndogo ya CD yenye spika zake mbili za mbao pembeni. Mashine yenyewe upana wake ni shibiri moja, haizidi. Ina CD, ina kaseti, ina FM. Jina la kampuni nimeliziba kwa utepe mweusi, maana nitaisema vibaya kidogo, na mengi ya makosa yake si ya kiwandani, ni ya mikono iliyoipitia.

Nimeinunua elfu sitini. Muuzaji alianzia laki na ishirini.

"Kaka, hii mali ya Japani, haijaguswa."

Nikaigeuza. Skrubu nne za nyuma, mbili zimelika vichwa. Nikamwonesha kwa kidole, sikusema neno. Akacheka mwenyewe, bei ikashuka hadi elfu themanini. Nyingine nilizipunguza kwa kanuni yangu, na leo nawapa bure: redio ya CD ya mtumba ilipie kana kwamba CD yake haisomi. Hata kama inasoma. Hata kama muuzaji anakupigia wimbo mzima mbele yako. Unacholipia ni spika, ampu inayokuza sauti na transfoma ya ndani. Hivyo vikitunzwa vinadumu miaka mingi. Jicho la CD, yaani leza inayosoma, linachoka, na hakuna anayeweza kukuambia limebakiza saa ngapi.

Kabla ya jicho, umeme. Hapa ndipo watu wa Kigoma tunapounguza hela. Mpwa, leta nyuma. Mnasoma hapo? AC 100V, 50/60Hz. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Ukiichomeka hivi hivi ukutani, ukiwa na bahati inakata fyuzi, ukikosa bahati unachoma transfoma ya ndani, na hapo elfu sitini imegeuka moshi. Dalili nyingine ni plagi yenyewe, miguu miwili bapa. Wauzaji wengine wanaikata na kufunga plagi ya pini tatu ili ionekane ya kwetu, kwa hiyo usiangalie plagi, soma kibandiko. Kikiwa kimebanduliwa, iache mezani uondoke. Ile herufi ya Hz isikusumbue, 50/60 inakubali kwetu.

Kwa hiyo mimi nimeongeza transfoma ya kushusha umeme, hii nyekundu hapa chini. Kibandiko cha redio kinasema inakula wati 45, nimechukua transfoma ya wati 200 isihangaike. Transfoma nyingi za madukani zinatoa 110, siyo 100. Redio nyingi huvumilia tofauti hiyo ila joto linaongezeka, kwa hiyo ukiipata yenye tundu la 100, chukua hiyo. Na usiiache imechomekwa usiku kucha, inakula umeme wa Luku hata redio ikiwa imezimwa. Bei ya transfoma iingize kwenye hesabu tangu sokoni, siyo ukifika nyumbani.

La pili la Japani ni FM. Sisi stesheni zetu zinaanzia 87.5 hadi 108. Redio za zamani za soko la Japani nyingi zinaanzia 76 na kuishia 90. Maana yake sehemu kubwa ya mawimbi yetu hazifiki kabisa. Hii yangu ndivyo ilivyo. Antena siyo mbovu, fundi asikudanganye. Kama unanunua redio kwa ajili ya taarifa ya habari na mpira, tafuta iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza au nchi nyingine za Ulaya, hizo zinakubali umeme wetu na mawimbi yetu bila transfoma.

Haya, jicho.

CD ilitoka mwaka 1982, kazi ya Sony na Philips, na namna inavyosomwa haijabadilika. Ndani kuna mwanga wa leza unaopita kwenye lensi ndogo kama punje ya dengu. Unaanza kusoma katikati ya CD kwenda pembeni, siyo kama santuri inayoanzia nje. Mwanzoni CD inazunguka kasi sana, kama mara 500 kwa dakika, ikikaribia ukingo inashuka hadi kama 200. Nawaambia haya kwa sababu yanawapa kipimo cha bure cha sokoni. Nenda na CD yako, ya dukani, siyo ya kuchoma kwenye kompyuta. Piga wimbo wa kwanza, kisha ruka moja kwa moja hadi wa mwisho. Ikikataa mwanzoni lakini katikati inatulia, shuku mota inayozungusha, imechoka kufikia ile kasi. Ikiimba vizuri mwanzoni na kurukaruka mwishoni, mara nyingi ni reli ambayo jicho linatembelea, grisi imekauka au gia ndogo ya plastiki imeshika uchafu. Hiyo ya pili inatibika kwa kitambaa na grisi nyeupe kidogo. Ndiyo niliyoikuta kwenye hii.

Ya kuchoma ibebe pia, lakini kwa swali jingine. CD za kuchoma zinarudisha mwanga kidogo kuliko za kiwandani, kwa hiyo jicho lililochoka huzikataa kwanza. Likizisoma bila kusita, jicho bado lina maisha. Na usichungulie leza kwa macho. Mwanga wake karibu hauonekani, lakini unaumiza.

Sasa kisa changu, na fundi simtaji. Redio yangu ya kabla ya hii ilianza kuchagua CD. Nikaipeleka mjini. Jamaa akaifungua, akachukua bisibisi ndogo, akazungusha kiskrubu kilichopo ubavuni mwa jicho, nusu mzunguko tu. Ikasoma kila kitu! Hadi CD iliyokwaruzwa ya watoto. Nikalipa elfu kumi kwa furaha. Wiki mbili, kimya. Nikaja kuelewa baadaye: kile kiskrubu kinaongeza umeme kwenye leza. Ni kama kumchapa punda aliyechoka, anakimbia hadi kona kisha analala moja kwa moja. Fundi akishika kile kiskrubu kabla hata hajasafisha lensi, mwambie asante, rudisha kifuniko.

Kusafisha kwenyewe ni dakika mbili. Pamba ya masikio, tone la spiriti ya isopropili, unagusa lensi kama unagusa kope la mtoto, basi. Siyo manukato, siyo dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo inakula plastiki na lensi ni plastiki. Na usipulize kwa mdomo, unatema mate bila kujua. Vumbi letu la Julai na Agosti linaingia kila mahali, kwa hiyo nafanya hivi mara moja kwa mwaka.

Jicho likifa kweli, soma namba iliyoandikwa juu yake kabla ya kusema redio imekwisha. Namba kama KSS-213 zimefungwa kwenye mashine za kampuni nyingi tofauti, na bado zinauzwa mpya. Mimi niliagiza Dar, likaja na basi. Ila tahadhari moja: macho mengi mapya yanakuja na tone la risasi limeunganisha alama mbili kwenye bodi yake ndogo ya saketi, kulilinda na umeme wa mikono. Ukishachomeka ule utepe wa waya, lile tone lazima litolewe kwa pasi ya kulehemu. Wapo waliofunga jicho jipya, likakataa, wakalitupa, kumbe lilikuwa zima.

Mlango wa CD kwenye hii ulikuwa haufunguki, unanguruma tu kama mtu anayetafuta neno. Ni mkanda wa mpira, umelegea. Dawa ya muda: utoe, uchemshe kwenye maji dakika chache, unajikaza kidogo. Fundi wa jirani alinikatia pete kutoka tyubu ya baiskeli. Nacheka lakini ilifanya kazi, mwezi mzima, mpaka ikaanza kuteleza. Sasa nina mkanda halisi.

Spika bonyeza kwa kidole, taratibu, pale pembeni. Ukingo wa mpira mara nyingi uko hai. Ukingo wa sponji, baada ya miaka yote hii, unaweza kumeguka kama mkate mkavu. Zangu za mpira.

Kaseti sijaijaribu, sina hata kaseti moja.

Mtaniuliza, kwa nini usiongeze hela ukachukua sabufa mpya yenye Bluetooth? Swali zuri. Jirani yangu analo, mbele limeandikwa wati 5000, nyuma limeandikwa linakula wati 60. Tuseme ukweli, kitu kinachokula kikombe kitatoaje pipa? Hii yangu imeandikwa wati 15 kila upande, na sebule hii inajaa hadi mama aliye nje anasikia. Sabufa linapiga chini sana, linatikisa vikombe. Kwenye harusi nitalipenda. Lakini weka kwaya, au rhumba ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, yale magitaa matatu yanayosemezana: kwenye sabufa yanakuwa uji. Hapa kila gitaa unalijua lilipokaa, moja kushoto, moja kulia, mwimbaji katikati. Ila spika ziachanishe hatua mbili, zisogee mbele ya ukuta kidogo, urefu wa sikio ukiwa umekaa. Siyo juu ya friji, nawaona.

Na nyuma ina tundu la AUX. Waya wa elfu tatu, simu inaimba kwenye spika zile zile. Hata jicho likifa kesho, elfu sitini yangu ipo.

CD zenyewe hapa zinapatikana kwa kuuliza. Mimi nilipata mfuko mzima kwa mzee mmoja Ujiji, alitaka kuzitupa. Angalieni mgongo, ule upande wenye maandishi. Watu wanalinda upande wa kung'aa, kumbe muziki umelala mara tu chini ya maandishi. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa, wa juu umekwenda na wimbo.

Kasoro zilizobaki: rimoti haikuja, na kitufe cha kurudia wimbo kipo kwenye rimoti tu. Mvua za radi zikianza naichomoa kabisa, pamoja na transfoma.

Mpwa, weka ile CD ya mzee, wimbo wa mwisho, pale ilipokuwa inaruka. Nitawakatia mapema, video isije ikafungiwa sauti... Subiri. Mnasikia? Imepita.