Kupima wati kwa usahihi kwenye mashine ya baiskeli ya ndani: kipi kinunuliwe kwanza

Anayenunua mashine ya kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba anahitaji kwanza namba ya kuaminika ya wati, yaani nguvu anayotoa akikanyaga: wati 250 za leo ziwe sawa na wati 250 za mwezi ujao. Kwa sababu hiyo naweka mbele mashine ambayo gurudumu la nyuma huondolewa, na cheni ikazungusha gia zilizofungwa kwenye mashine yenyewe. Tairi likitoka, chanzo kikubwa cha makosa kimetoka nalo. Tacx Neo 2T hutangazwa kuwa na kosa lisilozidi asilimia 1, tena haihitaji kusawazishwa, yaani kurekebishwa ili isome sawasawa; Wahoo Kickr Core hutangazwa kwa asilimia 2, yaani wati 250 zinaweza kusomeka popote kati ya 245 na 255, jambo ambalo halimzuii mtu kufanya mazoezi ya maana.

Kwa anayeendesha barabarani pia, bora zaidi ni pedali zenye vihisi pande zote mbili, kama Favero Assioma Duo, ambazo kosa lake hutangazwa kuwa asilimia 1. Pedali hupima pale mguu unapokanyaga, kabla cheni haijala sehemu ya nguvu, hivyo zikisoma 250 na mashine ikasoma 244, hakuna kilichoharibika.

Kipimo cha upande wa kushoto pekee ni nafuu, lakini huzidisha mguu mmoja mara mbili. Mguu huo ukitoa wati 120 kati ya 250, utasomewa 240.

Nafasi ya mwisho naipa mashine inayobana tairi kwa rola. Baadhi yake hazina kihisi cha nguvu hata kimoja, bali hukisia wati kutokana na kasi ya gurudumu, kwa hiyo upepo wa tairi ukipungua, skrubu inayobana rola kwenye tairi ikikazwa nusu mzunguko zaidi, au mpira ukipata joto, namba hubadilika ilhali miguu haijabadilika. Aliye nayo tayari ajaze upepo kwa kiwango kile kile kila siku, aendeshe dakika 10 hivi, ndipo aisawazishe.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu bila mashine kujirekebishia uzito wa kukanyaga ili wati zibaki pale pale, kisha ukanyage ghafla kwa nguvu zote. Namba ikichelewa kupanda, au ikibaki mstari ulionyooka kupita kiasi, ujue programu inalainisha vipimo, na mashine hiyo usiichukue.